Nembo ya Kwanza

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja Kidatu kutoka Dar es Salaam kunisalimia. Alipovua shati aende kuoga, niliona begani mwake mchoro wa ndege, wino bado mbichi. Akaniambia ndiyo tatuu yake ya kwanza. Nilifungua kinywa nimkaripie, kisha nikanyamaza. Maneno yaliyokuwa ulimini niliwahi kuyatamka zamani, yakanirudia kwa aibu.

Ilikuwa mwaka 1974. Nilikuwa mwalimu kijana, mwaka mmoja tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Kidatu ilijaa wageni. Bwawa la umeme lilikuwa likijengwa katika Mto Ruaha Mkuu, reli ya TAZARA ilikuwa imekwisha kupita, na mashamba ya miwa ya Kilombero yalitaka wakataji. Miongoni mwao walikuwamo Wamakonde wa Msumbiji. Wengine walivuka Mto Ruvuma enzi za ukoloni kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Wengine walikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Jirani yangu, mkata miwa, alikuwa mmoja wao. Uso wake ulijaa nembo kuanzia kipajini hadi kidevuni.

Siku moja nikifundisha umoja wa taifa, niliwaambia wanafunzi kwamba nembo za usoni ni alama za ukabila na za watu wasiosoma. Darasa likacheka. Nilisahau kwamba binti wa jirani yangu alikuwa ameketi dawati la mbele. Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa.

Usiku ule wa pili baba yake akabisha hodi. Hakuja kugomba. Aliketi mkekani, akasema, "Mwalimu, nimekuja nikueleze, ili siku nyingine ukiwafundisha uwafundishe vizuri."

Akaeleza. Alipelekwa kwa fundi baada ya kutoka jandoni. Fundi alimchanja kwa kisu kidogo, mistari ya kwenda na kurudi kama meno ya msumeno, kisha akasugua ndani ya majeraha mkaa wa mbarika uliosagwa, ambao hutoa rangi ya samawati iliyokoza. Uso ulivimba hata macho yakafumba. Alipopona alirudishwa, akachanjwa tena juu ya mistari ileile ili rangi ikolee.

"Nilitaka kulia," alisema, "lakini mama alikuwa nje akisikiliza."

Alipovuka Ruvuma peke yake, mzee wa kwanza kukutana naye alimtazama uso tu, akamkaribisha chakula.

Nikamwuliza mbona binti yake hana hata mstari mmoja. Akajibu, "Uso wangu ndio cheti changu, Mwalimu. Yeye cheti chake utampa wewe."

Alfajiri nilikwenda kumchukua binti yule mwenyewe, na mbele ya darasa nikakiri kwamba nilikosea.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na serikali ya FRELIMO ikapiga vita mila nyingi za jadi. Vijana wengi wakaacha kuchanjwa. Huku kwetu nako shule, dini na miji vilifanya kazi hiyohiyo kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera. Kisha UKIMWI, uliogunduliwa nchini mwaka 1983, ukatufundisha kuogopa wembe unaotumiwa na wengi. Sisemi nembo zirudi. Nasema tu kwamba watu waliozibeba walikuwa na habari ya kueleza, nami niliyelipwa kufundisha sikuwa nimewauliza.

Basi sikumkaripia mjukuu wangu. Nilimwuliza kwanza kama sindano ilikuwa mpya. Akasema aliiona ikifunguliwa. Nikamwuliza kama iliuma. Akacheka, akasema iliuma sana.

"Na kwa nini ndege?"

Akavuta kigoda, akaketi, akaanza kunieleza.