Shamba Moja, Wanunuzi Watatu

Watu wawili wakidai kulinunua shamba moja, swali la kwanza barazani huwa: nani alitangulia? Zitatakwa tarehe, wataitwa mashahidi, zitafunuliwa karatasi. Mimi huona lipo swali jingine linalopaswa kutangulia hilo. Je, aliyeuza aliuza kilicho chake? Nchi yetu hii, kuanzia Handeni, kupita Korogwe, Mazinde na Mkumbara, hadi Kilimanjaro, iliwahi kuwa shamba la namna hiyo. Shauri lake liliamuliwa bila swali hilo kuulizwa.

Mwishoni mwa 1884 Karl Peters na wenzake walipanda bara kutoka Saadani. Kwa muda wa wiki chache walikusanya mikataba katika Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Unaokumbukwa zaidi ni ule wa Mangungo wa Msovero, ambao kila mtoto wa shule nchini mwetu amefundishwa. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani, nayo yalisema kwamba nchi imetolewa milele pamoja na haki zake zote. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Sultani Barghash wa Unguja alipopata habari alipinga vikali, kwa kuwa yeye alizihesabu nchi hizo kuwa zake.

Ndipo mbio zikaanza. Mwingereza Harry Johnston alikuwa amekwisha kupata mikataba yake upande wa Taveta na Kilimanjaro mwaka 1884. Katikati ya 1885 Barghash akamtuma Jenerali Lloyd Mathews pamoja na askari, naye akawafanya machifu wa Uchaga wakiri utii kwa Sultani. Hazikupita wiki nyingi akafika Mjerumani Karl Jühlke, aliyepitia njia ya bonde la Pangani, na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, akatia alama katika mkataba wake pia. Wanunuzi watatu, mlima mmoja. Wengine humcheka Rindi kwa hilo. Mimi simcheki, maana yaelekea alidhani anapokea marafiki watatu wa kumsaidia dhidi ya majirani zake. Hakudhani kwamba anagawa mlima.

Huku Usambara mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani hata upande wa wauzaji palikuwa na ugomvi. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, ukoo wa Kilindi uligawanyika ukapigana. Semboja alikaa Mazinde, tambarare, kwenye njia ya misafara, akajipatia bunduki kwa biashara ya pembe na watumwa. Wapinzani wake walikuwa upande wa mashariki wa milima. Basi mgeni aliyetaka kununua Usambara angeinunua kwa nani?

Tena, hata Simba Mwene mwenyewe hakuwa na kitu cha kuuza kwa maana ile ya Peters. Kwa Washambaa, kazi ya mtawala ilikuwa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua inyeshe na chakula kipatikane. Akishindwa, watu walisema anabana shi, anaiharibu. Alipokea kodi kwa ajili ya kazi hiyo. Shamba lilikuwa la aliyelifyeka na la wanawe.

Shauri lilikatwa mbali na hapa. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja na Barghash akalegea. Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana: Sultani aachiwe mwambao wenye upana wa maili 10, Wajerumani wachukue Kilimanjaro na Usambara, Waingereza wachukue Taveta. Mwenye manowari ndiye aliyeonekana ametangulia.

Tarehe 26 Novemba 1895, mwaka uleule aliofariki Semboja, amri ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Aliyedai kuwa na haki alipaswa kuithibitisha. Hapo mkulima akageuzwa mdai katika shamba lake mwenyewe. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, mkonge ukatanda bondeni, na kamba ya chuma ikatandazwa kutoka msitu wa Shume ili kuteremsha magogo hadi stesheni ya Mkumbara. Waingereza nao, kwa sheria ya 1923, waliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana. Baada ya Uhuru ikawa chini ya Rais.

Ilitubidi tungoje hadi 1994 ndipo Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kwamba haki ya kimila ya mkulima ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaipa haki hiyo hati yake. Ni takriban miaka 100 baada ya ile amri.

Nimesikiliza mashauri kadhaa ya mashamba. Mara nyingi muuzaji hayupo. Ameshakula fedha na kuhama. Wanunuzi wawili wanatoleana macho, kila mmoja na karatasi yake, na kila mmoja kwa kweli ametoa fedha. Lakini nje ya baraza huwa amekaa mtu wa tatu, pengine mjane au mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mwenye jembe katika shamba hilo. Hana karatasi, kwa hiyo hakuitwa.

Mzee wa baraza akiniomba ushauri, nitamwambia aziweke kando karatasi zote mbili kwa muda, atoke nje, amwite huyo aliyekaa chini ya mti. Aulizwe kwanza yeye. Mwaka 1886 hakuna aliyefanya hivyo, na gharama yake tumeilipa sisi.