Katekisimu wilayani Rungwe

Katekisimu ni mafundisho ya imani ya Kikristo yanayotolewa kwa maswali na majibu. Katika wilaya ya Rungwe, ambako Tukuyu ndio mji mkuu, mafundisho haya yana mizizi ya 1891, mwaka ambao wamisionari Wamoraviani na Walutheri wa Berlin waliingia Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa ilimo wilaya hiyo.

Walutheri hutumia Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya 1529, inayoeleza Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, Ubatizo na Ushirika Mtakatifu. Kijana wa kipaimara husema kila sehemu kwa kichwa, kisha huulizwa maana yake. Swali hilo la maana ndilo lenye uzito, kwani kukariri peke yake hakumsaidii anapohojiwa nje ya kanisa.

Hoja inayozua mjadala mrefu ni ubatizo wa watoto wachanga. Wapentekoste hubatiza waliokwisha kuamini, kwa kuzamisha, wakishika Marko 16:16, ambapo kuamini kunatangulia kubatizwa. Walutheri na Wamoraviani hujibu kuwa neema ya Mungu humtangulia mtu, nao hutaja Matendo 16:33, ambapo mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa pamoja na watu wake wote. Aya hiyo haitaji watoto wala haiwatoi, na mwalimu mwaminifu humwambia hivyo mwanafunzi wake.

Suala jingine lenye mjadala, la wake wengi, lilianza mapema: wamisionari walishikilia ndoa ya mke mmoja.