Mwenye Nyumba ya Wageni: Uongozi wa Haki katika Uuguzi

Sisi sote twamsifu Msamaria mwema, lakini ni wachache wanaomfikiri mwenye nyumba ya wageni. Huyu aliachiwa dinari mbili na mgonjwa asiyejiweza, kisha Msamaria akaenda zake. Kama angalizila fedha zile na kumwacha mtu afe, ni nani angalijua? Basi, huyo ndiye mfano wa kila mkubwa wa wauguzi: amekabidhiwa mali isiyo yake, na wagonjwa wasioweza kumdai hesabu. Ugumu wa kazi hiyo umeonekana kwetu Kagera mara mbili, Ngara na Biharamulo.

Mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka penye daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco katika wilaya ya Ngara. Waganga na wauguzi walikuja upesi kuwahudumia. Lakini kati ya waliovuka walikuwamo walioongoza mauaji ya Watutsi, nao waliendelea kuwatawala watu wao kambini, hata chakula kikagawiwa kwa mikono yao. Mmoja wao alikuwa Jean-Baptiste Gatete. Katika Juni, ilipojaribiwa kumwondoa, umati mkubwa uliwazunguka watumishi wa misaada, na kazi ikasimama kwa muda. Baadaye mahakama ya Arusha ilimhukumu, na mwaka 2012 rufani ikakata kifungo cha miaka 40.

Hapo swali likawa zito: je, dawa na unga vyaweza kuwa nguvu ya mwuaji? Tawi la Ufaransa la shirika la waganga Médecins Sans Frontières liliondoka katika kambi zile Desemba 1994, kwa kuwa halikutaka kushirikiana na wauaji. Wengine walibaki, maana mtoto mwenye kuhara hakumwua mtu. Wala hatuwezi kuwacheka hawa wala wale, kwa kuwa wote walijiuliza. Mwenye lawama ni yule asiyeondoka wala asiyehesabu. Agawaye bila kutazama kama unga umefika kwa mama mjane au umeishia kwa mwenye nguvu.

Jaribu la Biharamulo lilikuwa la namna nyingine. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari ya maradhi yaliyodhaniwa kuwa Marburg wilayani humo. Kwanza Wizara ilisema kwamba vipimo havikuyaonyesha. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mtu mmoja ameonekana nayo. Yalipotangazwa kuwa yamekwisha, tarehe 13 Machi, waliothibitishwa walikuwa 2 na waliodhaniwa 8, nao wote 10 wamekufa.

Maradhi haya huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili, kwa hiyo mwuguzi ndiye agusaye kwanza. Yalipotokea wilaya ya Bukoba mwaka 2023, mtumishi wa afya alikuwa mmoja wa waliokufa. Basi mkubwa wa wauguzi akishuku jambo, hana ruhusa kungoja heshima ya mtu ye yote. Yampasa awaambie wadogo wake siku ile ile, awape mipira ya mikono, na kupeleka habari mbele. Kunyamaza kwake ni kuwatuma vitani bila ngao.

Lakini tusiwatwike wauguzi peke yao mzigo huu. Mwuguzi hawezi kusema kweli katika kijiji kinachomkimbia asemaye kweli. Tukificha wagonjwa wetu, tukiosha maiti kwa siri, au tukimtenga aliyepona, sisi nasi twamfunga kinywa. Wazee wa kanisa na wajumbe wa zahanati waulize hesabu ya dawa bila woga, na wamlinde mwuguzi aijibuye kwa haki. Maana Msamaria alisema kwamba atarudi.