Transdusa ndani ya boti: Jinsi ya kupima kina bila kutoboa chombo

KWA karne nyingi wavuvi wa Pwani ya Kusini, kuanzia Diani na Gazi hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, wamepima kina cha bahari kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Risasi ikigusa chini, nahodha huhesabu pima na kujua iwapo yu juu ya mwamba au amekwisha kuingia kilindini.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia na kifaa cha umeme cha kutafutia samaki, ambacho huonyesha kwenye kioo kina cha maji, umbo la sakafu ya bahari na samaki walio chini ya chombo. Wavuvi wanaotoka nje ya mwamba kuelekea mkondo wa Pemba, ambako maji hufika kina cha mamia ya mita, wanakihitaji zaidi kuliko wale wanaobaki ndani.

Hata hivyo, kifaa hicho ni bure iwapo kiungo chake kikuu, transdusa, hakikupachikwa ipasavyo. Ufungaji mbaya humpotezea mwenye boti fedha zake na, lililo baya zaidi, humwonyesha nahodha kina kisichokuwepo.

Sauti na mwangwi

Transdusa hubadilisha umeme kuwa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, huipeleka chini, kisha hupokea mwangwi wake. Katika maji ya bahari sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirejea baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 150, kwa hivyo kina ni mita 75.

Elimu hii si ngeni. Alexander Behm wa Ujerumani alipata hataza ya kupima kina kwa mwangwi mwaka wa 1913, mwaka mmoja baada ya meli ya Titanic kuzama. Mnamo 1948, ndugu wa familia ya Furuno huko Nagasaki, Japani, walitoa kifaa cha kwanza cha kutafutia samaki kilichouzwa kwa wavuvi.

Adui mkubwa wa sauti hiyo ni hewa. Sauti ikikutana na kiputo cha hewa, hurudi ilikotoka badala ya kusonga mbele. Kanuni zote za kupachika transdusa zinatokana na jambo hilo moja.

Boti ipi yafaa?

Kubandika transdusa ndani ya boti kuna manufaa. Chombo hakitobolewi, hivyo hakuna tundu la kuvuja. Aidha, boti inapokokotwa mchangani au kupita karibu na matumbawe, hakuna kitu kinachoning'inia nje cha kuvunjika au kunasa nyavu na mwani.

Lakini njia hiyo hufaa kwa boti ya faiba iliyo nzito na isiyo na kitu katikati. Baadhi ya boti za faiba zina tabaka la povu au mbao nyepesi katikati ya kuta zake. Tabaka hilo lina hewa, na sauti haipenyi. Mwenye boti amuulize aliyeiunda kabla hajanunua chochote.

Mashua, dau, ngalawa na mitumbwi haifai kwa njia hii, kwa kuwa mbao zina vinyweleo vya hewa. Vyombo vya chuma au alumini pia havifai kwa transdusa ya kawaida ya kubandika.

Mahali pa kuiweka

Mahali pazuri ni theluthi ya nyuma ya chombo, karibu na mkuku, palipo tambarare na ambapo sehemu ya chini hubaki majini hata boti inapokwenda kasi. Ikiwekwa karibu na omo, boti ikiinuka itakuwa inapiga sauti hewani. Ikiwekwa nyuma ya tundu au ukingo wowote ulio chini ya boti, itasumbuliwa na povu. Pia iwe mbali na msukosuko wa rafadha.

Jaribu kabla ya kugundisha

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye kuokoa fedha. Kwanza, ning'iniza transdusa majini ubavuni mwa boti iliyotulia, mahali penye kina cha mita 10 au zaidi, na uangalie kioo. Pili, mwaga maji kidogo ngamani, mahali ulipopachagua, na uiweke transdusa ndani ya maji hayo ikitazama chini.

Picha zikikaribiana, mahali hapo panafaa. Kina kikipotea au kurukaruka, hamisha transdusa na ujaribu tena. Mahali pote pakishindwa, ukuta wa boti haupitishi sauti, na hakuna gundi itakayourekebisha.

Kubandika

Boti ikiwa imekauka, sugua mahali hapo kwa msasa hadi rangi na uchafu viishe, kisha pangusa kwa spiriti ili mafuta yatoke. Zungushia ukingo mdogo wa lakiri au udongo laini wa kufinyangia, upana wake ukizidi kidogo ule wa transdusa.

Changanya gundi ya epoksi inayokauka polepole. Ikoroge taratibu, kwani kukoroga kwa haraka huingiza viputo. Imimine ndani ya ukingo, kisha ishushe transdusa ikiwa imeinama kidogo, uikandamize na kuizungusha ili hewa itoke pembeni. Iache kwa saa 24 bila kuigusa. Silikoni isitumiwe, kwa kuwa huweza kuficha viputo.

Waya wa transdusa usikatwe wala kupitishwa pamoja na nyaya za injini au za redio, maana huleta chengachenga kwenye kioo. Umeme utoke kwenye betri ya volti 12 kupitia fyuzi.

Wenye vyombo vya mbao

Mvuvi wa mashua hajanyimwa kifaa hiki. Aweza kukifunga nje, nyuma ya chombo, au kwenye mti imara unaoshushwa ubavuni wakati wa kuvua na kupandishwa wakati wa kurudi. Akiamua kutoboa, nyumba ya transdusa iwe ya shaba nyeusi, si ya plastiki, kwa sababu mbao hufura zikiloa na plastiki huweza kupasuka.

Mipaka yake

Transdusa ya ndani hupoteza kiasi fulani cha nguvu ya sauti, na kipimajoto chake husoma joto la boti badala ya la bahari. Isitoshe, husoma kina kuanzia ilipo yenyewe, si kuanzia usawa wa maji.

Kioo pia hakionyeshi bahari yote. Transdusa yenye mwale wa nyuzi 20, katika kina cha mita 30, huona duara la takriban mita 10 tu. Samaki wenye kifuko cha hewa tumboni, kama changu na tewa, huonekana wazi. Nguru na papa hawana kifuko hicho, hivyo mwangwi wao ni hafifu.

Nahodha akumbuke pia bamvua. Katika pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Mlango wa mwamba uliosomeka mita 4 asubuhi huenda usipitike jioni. Wakati wa kusi, mawimbi yakiikoroga bahari, povu chini ya boti huweza kuufuta mwangwi kabisa pale nahodha anapouhitaji zaidi.

Wala kifaa hakibadilishi sheria. Uvuvi umepigwa marufuku katika hifadhi ya bahari ya Kisite, na katika hifadhi za akiba za Mpunguti na Diani-Chale huruhusiwa uvuvi wa kienyeji tu.

Kwa sababu hizo, bildi isitupwe. Baada ya kubandika transdusa, iteremshe bildi mara mbili au tatu katika vina tofauti na ulinganishe, ukikumbuka kwamba pima moja ni karibu mita 1.8. Vipimo vikiafikiana, kifaa chaweza kuaminiwa. Na siku betri itakapozima usiku nje ya mwamba, kamba yenye risasi itakuwa bado inafanya kazi.