Upangaji Saidizi: Kodi ya Chumba na Fedha za Afya

Chumba cha kupanga Pasua au Njoro, mjini Moshi, ni nadra kupatikana kwa kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hutaka ya miezi sita mkononi, wengine ya mwaka mzima, na dalali naye hudai chake, aghalabu sawa na kodi ya mwezi. Mwenye afya na kazi atahangaika, mwishowe atapata. Lakini mtu aliyeruhusiwa juzi kutoka hospitali ya Mawenzi au KCMC, anayeendelea kumeza dawa za kifua kikuu na ambaye hajapata nguvu za kurudi kwenye meza yake ya mitumba Kiboriloni, ataanzia wapi? Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Dawa hizo nchini ni bure. Kodi ya miezi hiyo hiyo sita si bure, na hakuna wizara inayoihesabu kuwa sehemu ya tiba.

Marekani kuna istilahi, “supportive housing”, inayoutaja mpango wa kuziba pengo hilo. Inaunganisha mambo mawili yaliyozoeleka kutengana: nyumba ambayo mtu wa kipato cha chini anaimudu, na huduma zinazomfuata humo ndani ili asiipoteze. Huduma hizo ni kama muuguzi anayemtembelea, mshauri wa kumsaidia aliyezama kwenye pombe, au afisa ustawi wa jamii anayezungumza na mwenye nyumba kodi inapochelewa. Mfasiri anayekutana nayo mara ya kwanza huvutwa na “nyumba za msaada”. Tafsiri hiyo ina kasoro moja kubwa: inamgeuza anayeishi humo kuwa mpokea sadaka, ilhali katika istilahi yenyewe yeye ni mpangaji. Ana mkataba kwa jina lake, ana ufunguo, na ana deni la kodi kama mpangaji mwingine yeyote.

Jambo hilo la mkataba halikuwa dogo. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing, lililowapa watu wenye maradhi ya akili waliokuwa wakilala barabarani vyumba vya kupanga katika majengo ya kawaida, bila kuwataka kwanza waache pombe au wakubali dawa. Mpangaji alichangia kodi asilimia 30 ya kipato chake. Kabla ya hapo, utaratibu uliotawala ulimtaka mgonjwa apande ngazi: kwanza hosteli, kisha nyumba ya uangalizi, na mwisho, akionekana amestahili, chumba chake mwenyewe. Wengi waliishia ngazi ya kwanza.

Tanzania ina jina la kiofisi kwa kitu kinachoonekana kufanana na hiki: makazi ya wazee na watu wasiojiweza. Moshi wanayo yao, Makazi ya Wazee Njoro. Kuna Kolandoto kule Shinyanga, Fungafunga Morogoro, Bukumbi Mwanza na Nunge Kigamboni. Haya mawili ya mwisho yalikuwa makazi ya watu wenye ukoma. Serikali inatoa chakula, mavazi na matibabu. Ni huduma ya lazima na inaokoa watu waliotelekezwa. Hata hivyo, neno “wasiojiweza” limekwisha kutoa hukumu kabla mtu hajavuka geti. Anayeishi Makazi ya Njoro hana mkataba wa upangaji, wala hatarajiwi kuhama siku akipata nguvu. Kumwita mpangaji wa Pasua anayehitaji muuguzi mara moja kwa wiki “asiyejiweza” ni kumpeleka mahali asipotakiwa kuwa.

Kwa hiyo istilahi inayopendekezwa hapa ni “upangaji saidizi”. Saidizi tunalo tayari: vifaa saidizi ni magongo na viti vya magurudumu, teknolojia saidizi ni programu inayomsomea asiyeona. Katika matumizi yote hayo kinachosaidia kipo ili mtu afanye shughuli yake mwenyewe, na hakifanyi shughuli hiyo kwa niaba yake. “Makazi saidizi” nayo ingefaa, ila makazi ni neno la mipango miji, linaangalia majengo. Upangaji unaangalia uhusiano wa watu wawili na karatasi iliyo kati yao, na humo ndimo mzigo wa istilahi ulimo.

Kivumishi kingine, nafuu, kinachobeba ile sehemu ya nyumba ambayo mtu anaimudu, kina bahati ya pekee katika Kiswahili. Nyumba za gharama nafuu ni msamiati wa Shirika la Nyumba la Taifa, na Kenya ilipotunga sheria yake ya nyumba nafuu mwaka 2024, ikimkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, neno lilikuwa hilo hilo. Nafuu hiyo hiyo ndiyo anayoipata mgonjwa homa inaposhuka. Tatizo ni kwamba nafuu katika matangazo ya nyumba haina kipimo. Nyumba inayouzwa kwa mamilioni huitwa nafuu kwa sababu ya jirani yake inauzwa kwa mamilioni zaidi. Katika upangaji saidizi nafuu hupimwa kwa kipato cha anayelala ndani, na kama hakuna sehemu ya kipato iliyotajwa, kama ile asilimia 30 ya New York, neno halina kazi.

Tukitoka kwenye maneno kwenda kwenye fedha: hadi Januari 2022, kwa miaka mingi, ustawi wa jamii ulikuwa chini ya wizara iliyobeba jina la afya. Maana yake ni kwamba shilingi iliyonunua unga wa wazee wa Njoro ilipitia bajeti ya wizara ya daktari. Wizara ilipogawanywa mwezi huo, wazee walihamia Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Sasa anayetaka kuziunganisha tena nyumba na tiba lazima abishe hodi milango miwili.

Historia ndefu zaidi ya fedha za afya kulipia malazi iko upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro. Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa hazikuwepo, tiba ilikuwa hewa ya mlimani, chakula na kupumzika. Kwa lugha ya leo, tiba yenyewe ilikuwa makazi. Dawa zilipokuja, kitanda hakikuondoka mara moja. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulipoanzishwa mwaka 1977, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, mgonjwa alilazwa miezi miwili ya mwanzo ili amezeshwe dawa mbele ya muuguzi. Mfumo huo wa Tanzania ndio uliokuja kuwa kielelezo cha Shirika la Afya Duniani kwa nchi nyingine. Kuanzia miaka ya 2000 mgonjwa akapewa hiari ya kumeza dawa nyumbani, mbele ya mtu anayemwamini. Hata kifua kikuu sugu, ambacho matibabu yake yalianzia Kibong'oto mwaka 2009 kwa kulazwa miezi mingi, baadaye kilisogezwa karibu na wagonjwa mikoani.

Uamuzi ulikuwa sahihi. Utafiti wa Madras, India, ulishaonyesha tangu 1959 kwamba anayetibiwa nyumbani hupona sawa na anayetibiwa kituoni, na hakuna anayependa kukaa Siha miezi minane mbali na watoto. Lakini tazama kilichotokea kwenye vitabu vya hesabu. Mgonjwa alipokuwa wodini, kitanda, paa, maji na uji vilikuwa gharama za afya. Aliporudishwa nyumbani, dawa ilimfuata. Paa, maji na uji vikabaki nyuma na kufutwa. “Nyumbani” ikachukuliwa kuwa kitu ambacho kila mtu anacho, bila malipo.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro dhana hiyo ilikuwa na msingi. Kihamba, shamba la ukoo, hakina kodi. Kwa desturi ya Wachaga kitinda mimba wa kiume hurithi nyumba ya wazazi na kubaki nao, na mgonjwa wa Kibosho au Marangu ana migomba ya kurudia. Ila mjini Moshi wapo waliotoka Singida na Upareni, wapo vijana wasiokuwa na sehemu katika kihamba kilichogawanywa hadi kikaisha, na wapo wanawake walioachika ambao desturi hiyo hiyo haikuwapa ardhi kwa baba wala kwa mume. Kwao nyumbani ni chumba kimoja chenye dirisha moja, na siku kodi ikiisha ni begi na ndoo ya maji uani.

Bima haiwafikii hapo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya humlipia mwanachama siku za kulazwa, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imejengwa juu ya mantiki hiyo hiyo ya kituo na huduma zake. Kitanda cha wodi kina mlipaji, kitanda cha Pasua hakina, hata kama mgonjwa ni yule yule na cha Pasua kingekuwa rahisi zaidi. Tusidhani ni kasoro ya nchi maskini. Medicaid, bima ya serikali ya Marekani kwa watu wa kipato cha chini tangu 1965, hulipia chumba na chakula kwa anayeishi nyumba ya uuguzi, lakini kwa kawaida hailipi kodi ya anayepanga. Ndiyo maana upangaji saidizi kule huunganishwa kwa vipande: jengo kwa punguzo la kodi ya mapato la mwaka 1986, pango kwa vocha zilizoanza 1974, huduma kwa fedha za afya. Mwaka 2022 Oregon na Arizona ziliruhusiwa kutumia fedha za Medicaid kulipia hadi miezi sita ya pango kwa baadhi ya wahitaji. Machi 2025 serikali ya Trump ikaufuta mwongozo uliohimiza ruhusa za namna hiyo. Fedha za afya zikishavuka kizingiti cha nyumba, huwa hazikosi mtu wa kuuliza zimefuata nini.

Tanzania iliwahi kuzivusha, na kwa jina zuri. Hati punguzo, iliyoanza mwaka 2004 kwa fedha za Mfuko wa Dunia, ilimpa mjamzito karatasi kliniki. Akaenda nayo duka la kawaida mtaani, akaongeza kidogo, akaondoka na chandarua. Baadaye nyongeza ikawa shilingi 500 tu. Serikali haikujenga maduka wala haikumlaza mama ili asing'atwe na mbu. Ilitumia fedha za afya kununua kitu cha chumbani kwa mfanyabiashara binafsi, na mama akabaki mteja. Hati punguzo ya kodi, inayotolewa kliniki ya kifua kikuu Mawenzi na kupokelewa na mwenye nyumba Njoro, ingefuata njia ile ile. Kwa istilahi, hili ni jambo la kushukuru: hakuna haja ya kuazima vocha.

Upande wa huduma nao haungeanzia hewani. Wanawake wa KIWAKKUKI, shirika lililozaliwa Moshi mwaka 1990, walikuwa wakiingia vyumbani kwa wagonjwa wa UKIMWI wakati majirani wakipita mbali. Mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 una watu wanaopita nyumba kwa nyumba. Hata bwana afya, kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ana mamlaka ya kuingia uani na kuandika kosa la choo. Kinachokosekana ni mfuko wa kumsaidia aliye ndani.

Wapo watakaosema wenye nyumba watapandisha kodi wakijua serikali inalipa. Hofu hiyo ni halali, na mji wa ukubwa wa Moshi ungeiona haraka. Dawa yake ni kuweka kiwango cha juu na kuanza na wachache ambao tiba yao ina mwisho unaojulikana, kabla ya kugusa wenye maradhi ya akili au kisukari, ambao hawana miezi sita ya kuhesabu.

Linabaki suala la karatasi. Mkataba wa chumba Moshi mara nyingi ni ukurasa mmoja: majina mawili, kiasi, tarehe, umeme unalipwaje, saini za mashahidi na pengine muhuri wa serikali ya mtaa. Hauna kifungu kinachotaja afya ya mpangaji. Katika upangaji saidizi hati punguzo na ratiba ya muuguzi vinakaa kwenye jalada jingine, kliniki, ili anayekosa siku ya dawa afuatwe na muuguzi, na mwenye nyumba asiwe na kifungu cha kumtolea vitu nje.