Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko kaskazini mwa Tanzania, mwendo mfupi kwa gari kutoka jiji la Arusha. Kiini chake ni Mlima Meru, volkeno yenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto; mlima ulipoingizwa ndani ya mipaka yake mwaka 1967, ikapewa jina la sasa. Wageni wengi hupanda Meru ili kuzoea hewa nyepesi kabla ya Kilimanjaro. Si kosa, ila kunaupunja mlima, kwani ni nadra mtu kuweza kuona tumbo la volkeno kubwa waziwazi, tena kwa miguu yake mwenyewe.

Ushahidi uko ubavuni, upande wa mashariki. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka, ukaacha kreta iliyo wazi upande mmoja, kama kwato. Ukuta uliosalia unaonyesha matabaka ya zaha na majivu yaliyolundikana mlipuko baada ya mlipuko, na chini yake imeota koni changa ya majivu. Apandaye usiku kutoka kibanda cha Saddle hufuata ukingo wa ukuta huo hadi kileleni, na kukipambazuka huiona koni yote chini yake. Kifusi cha poromoko kilitapakaa hadi uwandani, na katika vibonde vyake yakatuama maziwa ya Momella, yenye maji ya magadi. Kila ziwa lina rangi yake kutokana na mwani, ambao heroe huufuata. Anayetazama maziwa hayo, basi, bado anautazama mlima.

Wapo watakaosema kwamba Kilimanjaro, kwa mita zake 5,895, ndio mlima wa kupanda, na kwamba hapa hakuna simba. Lakini kimo hakipimi ugumu wote: ukingo wa Meru ni mwembamba na mteremko wake mkali. Na badala ya kukaa garini, mgeni hutembea kati ya twiga na nyati akisindikizwa na askari mwenye bunduki, huku mbega wakirukaruka juu mitini. Safari hufanyika kwa siku tatu au nne. Chagua nne, uepuke masika ya Machi hadi Mei, na usiondoke bila kuyafikia maziwa ya Momella.