Mjomba, pijo yake na maji ya rejeta

Najua nilipotea, wiki ya tesiti si mchezo. Leo sina umbeya wa kafeteria, nina historia.

Jumapili Mjomba kanipigia simu. Ana Peugeot 504, ile ile iliyotubeba wote siku ya kumzika Babu. Siku hizi inachemsha kila ikipanda Kitonga. Sasa kuna mtu kamshawishi amwage maji yote ya rejeta, aweke kimiminika kipya cha kupoza injini kisicho na maji hata tone. Bei yake usiombe. "Wewe uko chuo kikuu, niulizie." Nikamwambia Mjomba, mimi nasoma historia, si uinjinia. Akajibu: "Basi niulizie historia yake."

Nikaingia maktaba.

Tuanze na 1886, Ujerumani. Gari la kwanza la Karl Benz lilipozwa kwa maji, na maji yenyewe yalichemka yakapotelea hewani kama ya chai. Ndiyo maana mwaka 1888 mkewe Bertha, aliposafiri nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilometa 100, ilibidi asimame kuongeza maji mara kwa mara. Kwa hiyo Mjomba na dumu lake la lita 5 asijione mshamba. Mwaka 1901 ikatoka Mercedes ya Wilhelm Maybach, yenye rejeta ya mtindo wa sega la nyuki, vijibomba 8,070. Maji yakawa yanapita humo, yanapoa haraka, yanarudi kwenye injini. Hiyo ndiyo bibi wa rejeta zetu.

Ila maji yana tabia mbili mbaya. Kwenye nchi za baridi huganda yakapasua bloku, na kila mahali hula chuma. Dawa ya kuganda ikawa glikoli, ambayo mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz aliitengeneza miaka ya 1850 bila hata kuwaza gari. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, yenyewe ni karibu 197.

Hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kiti. Kumbe injini bila maji si jambo jipya kabisa! Miaka ya 1930 Waingereza walitumia glikoli tupu kwenye injini za Rolls-Royce Merlin, zile za ndege za kivita za Spitfire za mwanzo. Hesabu yao ilikuwa nzuri: kitu kisichochemka upesi unaweza kukizungusha kikiwa cha moto sana, rejeta ikawa ndogo, ndege ikapata kasi. Tatizo ni kwamba kilo moja ya glikoli hubeba joto zaidi kidogo tu ya nusu ya lile linalobebwa na kilo moja ya maji. Vyuma vya ndani vikabaki na moto mwingi, na ikivuja juu ya injini inaweza kuwaka. Kufikia 1940, Spitfire Mk II ikawa na Merlin XII inayotumia maji 70% na glikoli 30%, chini ya presha.

Presha ndiyo siri yenyewe. Ukiyabana maji kwa bar 1 juu ya presha ya hewa, hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kazi hiyo kwenye gari inafanywa na kile kimfuniko cha rejeta ambacho sisi tunakidharau.

Baadaye Mmarekani Jack Evans akafufua wazo la kutotumia maji, safari hii kwa magari ya barabarani. Na faida zipo kweli: kutu inapungua sana, jambo zuri kwa 504 yenye hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Presha inakuwa ndogo, mipira haiteseki. Lakini kubeba joto bado hakijawafikia maji. Pia lazima ukaushe mfumo mzima kwanza, na kikivuja Kitonga saa tano usiku, ukiongeza maji ya mtoni umeshaharibu ulichonunua.

Nikampigia. "Shikamoo Mjomba. Hiki kimiminika kinazuia kuchemka, hakizibui rejeta. Gari lako linachemsha kwa sababu joto halitoki. Kwanza fundi azibue rejeta, aangalie thamostati, feni na mfuniko. Likipona, ndipo ufikirie kutu."

Kimya kidogo. "Kwa hiyo hata wenye ndege walirudi kwenye maji?"

"Walirudi, Mjomba."

"Basi ngoja nianze na mfuniko."

Ile hela imebaki mfukoni mwake, na ada ya binamu yangu inakaribia. Wana-mekaniko, nikosoeni kama nimeteleza. Narudi kwenye madesa.